Mwaka wa Kuonja Kwanza

Wasichana wahudumu wa ghorofa ya pili walinifuata ofisini Jumanne, saa ya supu, kuniambia kwamba bibi mpya wa chumba cha kumi na mbili hajala tangu jana. Nilikuwa nimerudi asubuhi hiyo hiyo kutoka likizo ya wiki mbili na sikuwa hata nimevua viatu vya njiani. Kijiko kikimkaribia, walisema, anakitazama, anamtazama aliyekishika, kisha anatamka neno moja ambalo hakuna aliyelijua. Si Kifaransa, si Kiflemi. Fatiha alisema si Kiarabu, na Grâce, ambaye wazazi wake ni wa Kinshasa, alisema si Kilingala. Nikaenda. Mlangoni nikasoma jina, nikalisoma tena, nikaingia. Alikuwa amekaa kando ya dirisha, nywele zimebaki chache, mkoba wa ngozi mapajani ameukamata kwa mikono miwili. Madame Monique. Hakunijua. Nikavuta kiti, nikachota supu, nikamsogezea kijiko, naye akanitazama machoni na kusema kwa Kiswahili, neno pekee la Kiswahili nililowahi kumsikia akilitamka maishani mwake: "Onja."

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia Grâce narudi sasa hivi, nikaenda hadi chumba cha mashuka, nikakaa juu ya boksi la sabuni. Niseme ukweli, sikuhuzunika. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa mbichi kabisa, utadhani niliiacha jana pale kwenye ngazi za Woluwe. Nimekaa katika kazi hii miaka mingi, nimewafumba macho wazee wengi katika nyumba hii ya wazee hapa Jette, Brussels, na wote niliwapenda au angalau niliwavumilia. Huyu sikuwa na hakika naye. Nilikaa pale nikivuta harufu ya mashuka ya moto, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, kuja kumtunza mzee. Nyumba ilikuwa Woluwe-Saint-Lambert, nyembamba, ya ghorofa tatu, yenye ngazi zilizolia kila mtu alipokanyaga, kwa hiyo hukuweza kwenda popote bila nyumba nzima kujua. Chumba changu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Kilikuwa na dirisha moja darini lililofunguka upana wa kiganja, na nikipanda juu ya kitanda niliona bomba la moshi la jirani na kipande cha anga. Chini kabisa, katika chumba cha kulia ambacho walikigeuza kuwa chumba cha kulala, aliishi Papa Ghislain, baba yake Madame Monique. Alikuwa na shamba la kwinini milimani juu ya Bukavu kwa miaka zaidi ya thelathini. Miguu ilikuwa imekataa, lakini kinywa hakikukataa kitu: aliongea Kifaransa na binti yake, na mimi aliongea nami Kiswahili chetu cha Kivu, kile cha kuamrisha, maana ndicho alichojifunza. "Leta. Simama. Fungua rideau ya dirisha." Ukutani palikuwa na picha za miti ya kwinini, na chini ya picha hizo ndipo nilipomwosha, nikamvisha, nikamlisha, kila siku ya Mungu isipokuwa saa tatu za Jumapili.

Hili la kuonja nililianzisha mwenyewe, na mpaka leo linaniuma na kunichekesha kwa pamoja. Siku yangu ya kwanza nilimpelekea kahawa. Kwetu, anayempa mtu mkubwa kinywaji hunywa funda moja kwanza mbele yake, ndipo ampe, ili ajue hakuna sumu ndani. Mama alifanya hivyo na pombe ya ndizi, nami nilikua nikiona hivyo, mkono ukazoea. Basi nikanywa funda moja kwenye kikombe cha mzee, nikakifuta ukingo kwa kidole, nikampa kwa mikono miwili. Madame Monique alipiga ukelele. Alidhani mimi ni mchafu au mwizi wa kahawa. Mzee alinitazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nani alikufundisha ile?"

"Mama yangu, papa."

"Monique!" akamwita binti yake, akasahau kugeuza lugha. "Huyu ni mutoto wa kule kabisa!"

Kuanzia siku hiyo hakugusa kitu ambacho sikukionja. Supu ya mchana, ile ya karoti na ile ya vitunguu majani. Mboga za endivi zilizopikwa na nyama ya nguruwe na jibini. Uji wa mchele wa jioni. Hata dawa yake ya kifua. "Onja kwanza." Madame Monique naye akalizoea neno, akawa analisema yeye anapotenga sahani, bila kunitazama: "Onja." Nilichotoa kwa heshima siku moja wakakigeuza kuwa kazi yangu. Sikuwa tena mtu anayekaribisha. Nilikuwa kijiko cha kwanza.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Nataka hilo lieleweke, maana kila ninayemsimulia huniuliza kama nilifungiwa, na nikijibu hapana naona usoni mwake kwamba hadithi imepungua uzito. Mlango ulikuwa wazi. Pasipoti yangu ndiyo iliyofungiwa. Madame Monique aliichukua wiki ya kwanza, "nikutunzie isipotee", akaiweka kwenye droo ya meza yake ghorofa ya kwanza. Mwezi Machi viza yangu ikaisha. Nikamwuliza, akasema tutalishughulikia baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akasema baada ya likizo. Nilianza kuogopa polisi, nikaogopa vituo vya metro, nikaogopa hata kwenda kununua mkate upande wa pili wa barabara. Kisha mchana mmoja wa Julai, nikiwa nashuka na beseni la maji, nikamsikia anaongea na rafiki yake kwa simu, mlango wake ukiwa nusu wazi. Rafiki yake bila shaka alikuwa anauliza kama haogopi kwamba msichana atamkimbia. Madame Monique akajibu kwa utulivu kabisa: aende wapi, bila karatasi? Nikasimama pale ngazini na beseni mikononi, sithubutu kukanyaga ngazi inayofuata kwa sababu ingelia.

Saa tatu zangu za Jumapili nilizitumia Saint-Josse, kwenye misa ya watu wa Kivu. Huko ndiko nilikojuana na Tonton Deo, mjomba wa kila mtu, fundi wa kushona suruali, mtu mwenye maneno mengi na moyo mkubwa kuliko duka lake. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mwanasheria. Mwanasheria alisema ombi langu la kukaa nchini linaweza kuingizwa, lakini lazima aione pasipoti yenyewe, si nakala, isizidi Jumatatu ya mwisho ya Septemba. Baada ya hapo hakuweza kuahidi kitu.

"Donc unaichukua," Tonton Deo aliniambia kwa Kiswahili chetu, kinachosema njo badala ya ndiyo, sindano mdomoni. "Njo ya kwako, hapana? Jina yako njo iko ndani."

"Iko mu droo, tonton. Droo iko na ufunguo."

"Alors mwambie akupe!"

"Nilimwambia mara tatu."

Alitoa sindano mdomoni, akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa unashona suruali za watu.

Jumamosi, siku mbili tu kabla ya Jumatatu ile, Papa Ghislain alitimiza miaka themanini na mitano, na binti yake akamnunulia zawadi: safari ya siku nzima katika mashamba ya zabibu ya Champagne, gari lao peke yao, na mwongozaji wao peke yao. Mimi nilihitajika kwa kumpandisha na kumshusha. Asubuhi ile nilikuwa nafunga kiti cha magurudumu ukumbini nilipomwona Madame Monique akishuka na pasipoti yangu mkononi. Ile ile, jalada lake limekunjika kona. "Kama askari wa Ufaransa wakituuliza wewe ni nani," akasema, akaitia kwenye mkoba wake wa ngozi na kufunga zipu. Sijui kama aliona nilivyokuwa nikiutazama ule mkoba.

Mwongozaji aliitwa Bastien, mwanamume mrefu mwenye skafu shingoni na kicheko cha kazini. Aliniketisha kiti cha nyuma kabisa, kando ya kiti cha magurudumu kilichokunjwa, na mlango wa upande wangu ulifunguka kutoka nje tu. Kwa saa tatu nilitazama kisogo cha Madame Monique na ukanda wa mkoba wake begani. Kisha vilima vikaanza, na mizabibu imepangwa juu yake mistari mistari, na watu wameinama katikati yake, maana yalikuwa ndiyo majuma ya mavuno. Bastien alisimamisha gari, akawafungulia wao, akaanza kueleza habari za udongo wa chokaa na kwa nini kilima kinachotazama kusini ni bora kuliko kingine. Akamvunia mzee kishada, mzee, akiwa bado kitini garini, akakinyoosha kuelekea kwangu nyuma ili nionje. Bastien alilazimika kuzunguka kunifungulia mlango. Nikala zabibu mbili, ndogo, zenye ngozi ngumu, tamu na chachu. Mzee naye akala. Mbele yetu mwanamke mmoja mvunaji alijinyoosha, akaweka mikono kiunoni, akatazama mbali bila kuombwa na mtu aseme anatazama nini. Nilimwonea wivu uliotaka kunitoa machozi. Kisha Bastien akafunga mlango.

Baada ya chakula cha mchana alitupeleka kwa familia moja ya wakulima, watu wa kampuni ndogo isiyo na bango. Ghala lao la divai lilichimbwa chini ya ardhi, na ngazi za kushukia zilikuwa za mawe, zaidi ya arobaini. Kiti cha magurudumu hakikuweza kushuka. Mwenye shamba alisema mzee anaweza kubaki juu, nao watampandishia glasi, lakini mzee aligoma. Alisema hakuja Ufaransa kukaa uani. Basi Bastien akamshika upande mmoja, Madame Monique upande mwingine, na ili mikono yake iwe huru akavua mkoba wake begani na kunipa mimi. "Shikilia hii," akasema kwa Kifaransa, na wakaanza kushuka.

Nilishuka nyuma yao na mkoba kifuani. Kulikuwa baridi na taa chache, na chupa maelfu zimelala ukutani zimeelekea chini. Kwenye kona wakanitangulia, nikasikia sauti zao zikienda mbali, na nikabaki peke yangu. Pasipoti yangu ilikuwa kati ya mikono yangu, unene wa kipande cha ngozi tu ukitutenga. Nikashika zipu. Sikuivuta. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Hakuna aliyeniona, na hata angeniona, kilichomo kilikuwa changu. Lakini nililelewa kwamba mtoto hafungui mkoba wa mwanamke mkubwa, na nikiwa kule chini niligundua kwamba nisingeweza kuichukua mali yangu kama mwizi, hata kama kesho yake ningeoza darini. Nikalia kidogo, kwa hasira dhidi yangu mwenyewe. Kisha nikafuata sauti.

Mwisho wa ghala palikuwa na pipa lililogeuzwa meza, na viti. Mzee ameketi, anahema. Bastien alikuwa anafundisha: tazama rangi, nusa, chukua funda, lizungushe mdomoni, tema. Akaonyesha ndoo ya kutemea. Mwenye shamba akamimina glasi tatu. Mzee akaisukuma ya kwake mbele yangu, mbele ya wote.

"Onja kwanza."

Bastien akacheka, akiuliza kama mimi ndiye mjuzi wa divai wa familia. Madame Monique akamweleza, kwa aibu ya mtu anayesimulia kitu kidogo cha kuchekesha, kwamba ni desturi ya Kiafrika: mtumishi huonja kabla ya bwana. Nikamsikia. Mwaka mzima nilikuwa nimekula lile neno onja asubuhi, mchana na jioni, lakini sikuwa nimesikia limeelezwa. Na lilikuwa uongo. Mama yangu hakuwa mtumishi wa mtu.

Nikaishika glasi, nikairudisha mbele ya mzee.

"Apana, papa. Hapana vile. Kule kwetu, mwenye kualika njo anaonja. Unajua. Weye ulikaa kule, unajua vizuri. Leo ni anniversaire yako. Weye njo ulitualika. Onja weye."

Uso wake ulibadilika. Mtu yule alijivunia kitu kimoja kuliko vyote, kwamba aliwajua watu wa kule, si kama Wabelgiji wengine waliokaa Bukavu bila kuona kitu. Binti yake akauliza nimesema nini. Mzee akaitazama ile glasi, mapovu yakipanda, akaiinua, akanywa funda. Hakutema. Kisha akanipa glasi ile ile kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa. Ilikuwa baridi, chachu, na ikanichoma puani.

"Bon," akasema taratibu. "Mugeni amekunywa. Sasa mugeni anasema kile kilimuleta."

Hiyo nayo ni ya kwetu. Mgeni haulizwi shida yake mpaka anywe, na akishakunywa lazima aulizwe. Sikutegemea angeikumbuka.

"Passeport yangu, papa. Ninaiombaka tangu mwezi wa tatu. Iko ndani ya huu mufuko niko nashika."

Mzee akageuka, akamwambia binti yake kwa Kifaransa ampe msichana pasipoti yake. Madame Monique akawa mwekundu hadi shingoni. Akasema si mahali pake, tutazungumza nyumbani. Mzee akarudia. Ndipo Madame Monique akalisema, mbele ya Bastien na mwenye shamba, sauti yake ikigonga kwenye mawe: nikimpa ataondoka, Papa, na akiondoka, nani atakuosha?

Nilingoja mzee ajibu. Nilikuwa na hakika atajibu. Si alikuwa amenipa glasi kwa mikono miwili? Lakini aliinamisha kichwa, akatazama magoti yake. Na yeye aliogopa. Nilielewa wakati ule kwamba hakuna mtu katika meza ile ambaye angenifungulia, hata yule aliyenionea haya.

Basi nikauweka mkoba juu ya pipa, katikati ya glasi, chini ya taa. Nikavuta zipu polepole, kila mtu akiona mikono yangu. Leso, miwani, pakiti ya peremende, pasipoti. Nikatoa pasipoti, nikafunga zipu, nikamrudishia Madame Monique mkoba wake kwa heshima zote. "Asante kwa kunitunzia," nikamwambia kwa Kifaransa. Nilimaanisha matusi, na natumaini aliyasikia. Bastien alianza ghafla kueleza namna chupa zinavyogeuzwa kwa mkono, moja moja, robo mzunguko kila siku.

Kisha ikabidi turudi Brussels, saa tatu nyingine, gari lile lile, mlango ule ule wa kufunguka kutoka nje. Pasipoti ilikuwa juu ya tumbo langu, chini ya blauzi, imepata joto. Pale nyumbani Bastien alishuka, akapita mlango wa Madame Monique, akaja kufungua wa kwangu kwanza. Sikumwona tena, na sidhani anajua kwamba namkumbuka.

Jioni nikampelekea mzee supu. Nikaiweka mezani, nikasimama. Akachukua kijiko mwenyewe, akanywa bila kunitazama. Nusu ilimwagika kifuani, nikampangusa. Jumatatu pasipoti ilikuwa mezani kwa mwanasheria, na Alhamisi Tonton Deo alikuja na gari la shemeji yake kuchukua sanduku langu. Papa Ghislain alikufa kabla ya mwaka kwisha. Sikwenda kuzika. Nilijiambia nina darasa la uuguzi, na kweli nilikuwa nalo, lakini si ndiyo sababu. Nani alimwosha miezi ile ya mwisho sikuwahi kujua, na swali lile la Madame Monique limenifuata kwenye kila kitanda nilichotandika. Lilikuwa swali la haki. Ila halikuwa langu mimi kulijibu kwa maisha yangu.

Nilipotoka chumba cha mashuka supu ilikuwa imepoa. Nikaomba nyingine jikoni, na vijiko viwili. Madame Monique alikuwa vile vile, mkoba mapajani, vidole vimeng'ang'ania zipu. Nikatambua kitu ambacho kwenye hasira yangu sikukiona: alikuwa anaogopa. Nyumba ngeni, mlango wa ghorofa unaofunguka kwa namba asizozijua, na watu wenye vijiko. Nikavuta kiti. Akanitazama.

"Onja," akasema.

Ningeweza kumwambia aonje mwenyewe. Sentensi ile nilishaisema mara moja maishani, na ilikuwa mdomoni. Lakini namba za mlango wa ghorofa hii nazijua mimi, wasichana wanasimama nikiingia, na jina lililoko kwenye mlango wa ofisi ni langu. Hapa mgeni ni yeye. Nikachukua kijiko changu, nikachota, nikanywa mbele ya macho yake, nikameza.

"Haina chumvi," nikamwambia.

Akafungua kinywa.